Dole Gumba la Kofia ya Njano

Bi Kifuniko alikuwa mtu wa maneno, na hilo wala hakulikana. Kila asubuhi, chai ikiwa bado jikoni, aliisimamisha simu yake kwenye kopo la majani ya chai, akajitazama kwenye kioo cha simu, akaweka kilemba sawa, kisha akachukua kijiko cha chuma na kugonga kifuniko cha sufuria. Ngo, ngo, ngo. Halafu akaanza: "Habari za asubuhi kwenu nyote, mliolala na mliokesha." Hapo mtaa mzima ulikuwa umeshaamka, na waliohama mtaa nao, hata wale walioko nchi za baridi wakiwaoshea watu vyombo, walikuwa wameshaweka simu sikioni.

Kifuniko chenyewe alitoka nacho shuleni. Alikuwa mpishi wa shule ya mtaa tangu angali msichana mwenye kiuno, mpaka kiuno kikamuaga na magoti yakaanza kulalamika. Siku ya kustaafu walimpa cheti kilichokosewa jina na soda ya moto. Yeye akaona, ah, hapana. Akajichukulia kifuniko cha ile sufuria kubwa ya uji, ambayo yenyewe ilishatoboka zamani, akatoka nacho kwapani mchana kweupe, na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Ndicho alichokuwa akikigonga kuwaita watoto kula. Watoto walikua, wakaoa, wakaolewa, wakatawanyika, lakini mlio ule haukuwatoka masikioni.

Ukurasa wake ulikuwa kwenye mtandao unaoitwa Ukumbi, ule ambao siku hizi usipokuwemo watu wanakuuliza kama unaumwa. Aliyemfungulia ni kinyozi wa jirani, ambaye ukuta wa kibanda chake umeegemea ukuta wa chumba cha Bi Kifuniko. Kinyozi ni mtu wa mizaha, na alidhani bibi huyu atacheza na simu siku mbili tatu halafu atachoka. Weee. Alitangaza nani amelazwa, nani amejifungua salama, nani kapotelewa na mbuzi, bomba gani limepasuka tena, na diwani gani anajifanya haoni maji yanayopita mlangoni pake. Hakuwa akimtukana mtu. Alikuwa akimsema mtu, na hayo kwake yalikuwa mambo mawili tofauti kabisa.

Watu walimsikiliza, na alipotoa amri waliishika. Fundi viatu alipofariki, jamaa walio mbali, wasiojua habari, waliendelea kumiminika kwenye ukurasa wake kumtakia heri ya siku ya kuzaliwa. Wanamwombea afya njema na maisha marefu, na mwenzao yuko ardhini. Bi Kifuniko alichemka. Asubuhi hiyo hakutangaza kitu kingine. Alisema kuanzia leo, mtu wa mtaa huu akifa, wenye msiba wamfungie na ukurasa wake, kama wanavyomfumba macho, maiti asisumbuliwe. Na ikawa hivyo. Ikawa ndiyo desturi ya watu wa mtaa ule, waliopo na waliohama: ukiona ukurasa wa mwenzako haupo tena, huulizi kapatwa na nini, unauliza mazishi ni lini.

Sasa watu walidhani Bi Kifuniko anapenda umaarufu. Akimaliza kutangaza hukaa na simu mkononi, miwani puani, chai inapoa, anapitisha kidole juu ya mioyo na maua na vile vikaragosi vya kucheka mpaka machozi. Wakadhani anahesabu sifa. Masikini, hakuwa akihesabu chochote. Alikuwa anatafuta dole gumba moja tu, la mtu ambaye hakuweka sura yake, ameweka picha ya kofia ya ujenzi, ya njano, imekaa juu ya tofali. Mtu huyo hakuandika neno hata siku moja. Hakuandika shikamoo, hakuandika pole. Dole gumba, basi. Bi Kifuniko akiliona hushusha pumzi, huvua miwani, na siku yake huanza.

Kofia hiyo ilikuwa ya mwanawe wa pekee. Kisa chake kinauma, lakini tukiseme.

Miaka kadhaa nyuma, baada ya Bi Kifuniko kustaafu, shule ilijengewa madarasa mapya. Mkandarasi alikuwa mtu mwenye tumbo la heshima na gari refu, na msimamizi wa ujenzi alikuwa huyo mtoto wa Bi Kifuniko, aliyelelewa bila baba kwa mshahara wa mwiko. Bi Kifuniko alitafuta visingizio vya kwenda shuleni kila siku. Mara anakwenda kuonja uji wa mpishi mpya kama una chumvi, mara amesahau kanga ambayo hakuwahi kuiacha huko. Ukweli ni kwamba alikwenda kumtazama mwanawe akipita uwanjani na kofia ya njano kichwani, anawaelekeza mafundi, nao wanamwitikia. Alikuwa akirudi nyumbani anacheka peke yake njiani.

Madarasa yakaisha, yakapakwa rangi, watoto wakaingia. Siku moja Bi Kifuniko aliegemea ukuta kupumzisha magoti, alipojitoa bega zima limejaa mchanga. Akakwangua kwa ukucha, ukuta ukatoka. Akaenda jikoni, akaazima kijiko, akakwangua tena, na mchanga ukamwagika miguuni mwake mkavu kabisa, hauna saruji hata ya dawa. Alikaa chini palepale.

Jioni alimuuliza mwanawe, na mwanawe hakumficha. Alisema saruji analeta mkandarasi, na yeye anapokea anacholetewa. Akifungua mdomo anafukuzwa kesho, na kazi ya usimamizi hapati tena. Asubiri kidogo, kuna fungu la mwisho la serikali linakuja, kuta zitaongezewa nguzo. Bi Kifuniko akamuuliza kama watoto waliomo ndani nao wameambiwa wasubiri. Kijana akainamisha kichwa. Akasema, mama, fanya unachotaka kufanya, lakini usinitangaze.

Asubuhi yake alikwenda darasani na simu na kijiko, akakwangua ukuta watu wakiona, na akasema yote. Mwisho akasema na lile neno ambalo tangu hapo amelala nalo na kuamka nalo: "Aliyesimamia hapa ni mwanangu wa kumzaa. Nasema mwenyewe, msije mkadhani nasema watoto wa wenzangu na wangu namficha."

Madarasa yalivunjwa kabla hayajamvunja mtu. Waliokuja kukagua walisukuma ukuta kwa mikono na ukayumba. Mkandarasi akasema yeye alimwamini msimamizi wake na msimamizi amemwangusha, akanawa mikono, akapanda gari lake refu. Kijana akafukuzwa, na kila alikokwenda kuomba kazi wakamwonyesha ile video. Akaondoka na mkoba mmoja, bila kuaga, akabadilisha namba. Bi Kifuniko alitangaza habari za watu wengine kwa miezi na moyo wake umekufa ganzi, mpaka asubuhi moja, katikati ya maua na mioyo, akaiona kofia ya njano na dole gumba. Aliita jina la Mungu kwa sauti hadi kinyozi akagonga ukuta kuuliza kama kuna nyoka.

Hakumwandikia. Alitaka, lakini aliogopa. Aliona kama akimwita kwa nguvu atakimbia tena. Kwa hiyo akawa anatangaza vizuri zaidi, anamtafutia mambo ya kumchekesha, na dole likawa linakuja. Maana yake huenda ilikuwa nimekusikia. Huenda ilikuwa bado nina hasira nawe ila mzima. Bi Kifuniko alipokea zote mbili.

Basi juzi juzi hapa, yule mkandarasi akapata kazi nyingine, ya kujenga shule ya chekechea upande wa pili wa mji. Wazazi wa huko wakaifukua ile video ya kijiko, wakaanza kurushiana. Na kumbe mkandarasi naye ana watu, na watu wana simu. Asubuhi moja Bi Kifuniko kasimamisha simu kwenye kopo, kilemba sawa, kijiko mkononi, kioo kikamletea maandishi: ukurasa wake umefungwa, kwa sababu video yake imeripotiwa na watu wengi kwamba inamdhalilisha mtu. Chini yake vitufe viwili. Kimoja kimeandikwa, "Nakubali kwamba maudhui haya si ya kweli na yanadhalilisha. Yafutwe." Cha pili kimeandikwa, "Sikubali."

Alimwita kinyozi. Kinyozi akaja na wembe wake, akasoma, akakuna kichwa. Akaeleza kwamba akibonyeza cha kwanza ukurasa unafunguka saa hiyo hiyo. Akibonyeza cha pili, wenye Ukumbi watalipitia upya jambo lake. Bi Kifuniko hakumsubiri amalize, alishabonyeza cha pili. Ukaja ukurasa wa kuchagua sababu, zimepangwa tayari, na yeye akazisoma zote mara mbili akitafuta pa kusema kwamba ni kweli tupu na ukuta wenyewe ulionekana. Hapakuwapo. Akachagua iliyokaribiana. Hajarudisha kikombe mezani, jibu likaingia: tumepitia upya, uamuzi wetu unabaki vilevile. Na vile vitufe viwili vikarudi palepale.

Nani kapitia? Hata maji ya mtu mmoja hayachemki kwa muda huo. Bi Kifuniko alitaka kujua ofisi yao iko wapi, achukue kifuniko chake aende. Diwani ukimkosa ofisini unamvizia sokoni, anajificha nyuma ya nyanya lakini unampata. Mwalimu mkuu, mganga mkuu, mkuu wa polisi, wote wana mlango, na mlango unagongwa. Hawa wanakaa na sauti za dunia nzima mfukoni mwao, wanamzima huyu na kumwasha yule, na hujui hata wana pua au hawana. Kinyozi alijaribu kucheka, akaona uso wa Bi Kifuniko, akaacha.

Wakajaribu njia nyingine. Kinyozi akamfungulia ukurasa mpya kwa namba mpya. Akagonga kifuniko, akasema habari za asubuhi, na ukurasa ukafungwa kabla hajafika kwa wagonjwa. Mashine ilimjua sura. Kinyozi akamwambia basi atangazie kwenye ukurasa wake yeye, ule wa picha za mitindo ya nywele. Akatangaza. Mchana kinyozi akaletewa onyo kwamba ikirudiwa, na wake unafungwa. Wateja wake wengi walikuwa wanatokea huko. Alisema hajali, lakini alisema huku akitazama sakafu, na Bi Kifuniko akamwambia aache, asije akakosa kula kwa ajili yake. Hakumlaumu. Alirudi chumbani kwake akafunga mlango.

Upweke ulioingia humo ndani ulikuwa wa aina nyingine. Mwanamke huyu alikuwa amekaa peke yake miaka, amezoea kitanda cha mtu mmoja na kikombe kimoja, na hakuwahi kujihurumia. Sasa aliamka kama kawaida, akasimamisha simu kwenye kopo, akavaa kilemba, akashika kijiko, akakaa. Hakugonga. Agonge amwamshe nani? Wapita njia walimkuta mlangoni, wakamuuliza, mama, mbona kimya siku hizi? Akianza kueleza wanatikisa kichwa, pole sana mama, na miguu inaendelea kutembea. Kinyozi alisema, kwa bahati mbaya tu ulimi ulimteleza, kwamba wengi wamehamia kwa msichana mmoja anayecheza na ndoo kichwani. Hilo lilimchoma. Si kwamba msichana alikuwa na kosa, na ndoo haikuanguka hata mara moja.

Lakini kilichomla hasa kilikuwa kofia ya njano. Aliiwazia ikifungua simu asubuhi, huko iliko, inamtafuta mama yake na haimkuti. Dole lile litawekwa wapi sasa? Na atajuaje asubuhi kama mwanawe ameamka? Halafu likamjia wazo lingine, baya, akalifukuza likarudi: na kama ni yeye aliyeripoti? Haki ya kuripoti alikuwa nayo kuliko wote. Video ile ilimlia kazi, ikamlia na jina. Bi Kifuniko alijikuta anamtetea mwanawe kwa kosa ambalo hakujua kama amelitenda, na anamlilia papo hapo.

Mdogo wake akaja. Alitoka upande wa pili wa mji na mkoba wa nguo, maana yake amekuja kugomba na atalala. Alikuwa mwanamke mpole asiyependa makuu, na ugomvi wake ulikuwa wa kukunja nguo za dada yake huku akisema. Alisema hivi: madarasa yale yameshavunjwa, ukuta haupo, watoto wameshakuwa watu wazima. Unamtunzia nani ukweli huo, dada? Mwanao yuko hai, anakuitikia kila siku kwa kidole, na kitufe kimoja kinakurudishia. Tena, akasema, ukibonyeza pale panasema video haikuwa ya kweli. Mtoto atasafika. Pengine akiona hivyo atarudi nyumbani. Alipofika hapo aliacha kukunja, akamtazama.

"Umemtaja mara moja na umempoteza," akasema. "Mtaje tena kwa wema, dada yangu. Bonyeza."

Bi Kifuniko, mwenye jibu la kila kitu, akaenda kumtilia chai. Mdogo wake alipokwenda zake siku ya pili aliacha nguo zimekunjwa vizuri na maneno yake yamekaa juu yake.

Mchana huo jua lilikuwa kali na mtaa umelala. Bi Kifuniko akachukua simu, akakaa kitandani, akaweka kidole juu ya kile kitufe cha kwanza bila kukigusa. Alikuwa ameamua. Nitasema kweli: alikuwa ameamua, na asingekuwa mzazi wa kwanza kusema uongo kwa ajili ya mtoto. Ila pembeni palikuwa na maandishi madogo yanayomwambia anaweza kutazama maudhui kabla hayajafutwa, na yeye akaona, ngoja nimtazame mara ya mwisho. Maana kwenye ile video, kwa nyuma kabisa, mwanawe alipita.

Akatazama. Akaona mkono wake mwenyewe, ulikuwa bado na nyama, unakwangua ukuta. Mchanga ukamwagika, ukamwangukia mtoto mmoja kichwani, na mtoto yule akafurahi, akaanza kucheza ngoma chini yake kama aliyepata mvua, wenzake wakacheka. Mtoto huyo sasa ni kijana mrefu, hupita mtaani kila jioni akitafuna mua. Kisha kwa nyuma ikapita kofia ya njano, ikasimama, ikageuka. Uso wake haukuonekana vizuri. Bi Kifuniko alikuwa anaujua hata hivyo.

Akarudi kwenye kitufe. Si ya kweli. Akajaribu kuyasema maneno hayo kwa mdomo kwanza, aone kama yatapita. Hayakupita. Aliitupa simu chini ya mto akalia kwa sauti, kilio cha mtu aliyefiwa, na kinyozi upande wa pili wa ukuta akazima mashine yake ya kunyolea. Bi Kifuniko hakujiona shujaa. Alijiona mjinga, bibi mjinga aliyechagua ukuta badala ya mtoto, na usiku ulipoingia alikuwa bado hajawasha taa.

Siku zikaenda hivyo. Ikawa asubuhi moja, kinyozi yumo kazini, mteja kichwa nusu, simu ya kibandani ikalia. Ni namba ile ile iliyoandikwa kwa rangi kwenye ukuta wa nje tangu kibanda kifunguliwe, na kila aliyekulia mtaa ule anaijua kwa moyo. Mikono ina povu, akaibonyeza kwa kiwiko ikawa inasikika kwa wote.

Sauti ya mwanamume ikauliza kama huyo ni kinyozi, yule yule. Kinyozi akasema ndiye, na kama ni deni atalilipa jioni. Sauti haikucheka. Ikasema, "Ni mimi. Poleni na msiba."

Kinyozi akaijua sauti. Walikuwa wamekaa dawati moja. Akataka kuuliza msiba gani, lakini mwenzake hakumpa nafasi, alikuwa anasema upesi kama mtu aliyejifunza maneno kwa moyo na anaogopa kuyasahau. Alisema ameona ukurasa haupo, akaelewa. Alisema alikuwa anaishika simu kila siku anaiweka chini, anaona haya, maana mtu gani huyo hasemi na mama yake mpaka anakufa. Kinyozi akaweka wembe chini. Aliitwaa simu na povu lake, akatoka mbio, akazunguka ukuta, mteja kichwa nusu nyuma yake na taulo shingoni, wakaingia chumbani kwa Bi Kifuniko bila hodi. Alikuwa amekaa mezani, kilemba sawa, kijiko mkononi, mbele ya simu iliyofungwa.

"Sina haki ya kuuliza," sauti ilikuwa inasema. "Ila niambie tu mama yangu mlimzika wapi. Nije hata nione."

Bi Kifuniko akafungua mdomo. Maneno, ambayo tangu kuzaliwa kwake hayakuwahi kumkosa, hayakuja. Pumzi ilikuwa inatoka peke yake. Kinyozi akamsogezea simu karibu, akampigia ishara, sema basi, sema. Hakuweza. Upande wa pili sauti ikasema haloo, ikasema haloo tena, ikasema samahani, nimeelewa, na ilikuwa karibu kukata.

Akainua kijiko, akagonga kifuniko. Ngo, ngo, ngo.

Kwa mbali, huko kwenye simu, ikasikika mashine ya kuchanganyia zege inazunguka, na mtu anapiga kelele kuomba ndoo. Halafu ikasikika sauti ya mtu mzima analia, hafichi.

"Mama."

"Niko hapa, baba yangu. Sijafa. Ukurasa wameufunga wenye Ukumbi, si wenye msiba."

Walilia kidogo, kila mtu na upande wake. Kinyozi na mteja wake wakatazama dari. Kisha Bi Kifuniko akafuta uso kwa upande wa kilemba na, kwa kuwa hakujua kuishi na jambo moyoni bila kulitoa, akauliza.

"Ni wewe uliyeniripoti?"

"Mimi nikuripoti, halafu asubuhi nisikilize nini?"

Akamwambia habari ya kitufe. Akamwambia yote, mkandarasi na chekechea yake, na kwamba wanataka akubali kuwa ile video haikuwa ya kweli, akikubali wanamfungulia. Akasema kidole alishakiweka kabisa na maneno yakamkwama. Akamwomba msamaha. Hakusema ni msamaha wa kitufe au wa lile neno la zamani, na kijana hakuuliza.

"Bado inaniuma, mama," akasema. "Sikufichi. Nikiikumbuka inaniuma." Mashine ya zege ilizimwa huko aliko. "Ila huku ugenini nimepata tena usimamizi, na nina kijiko mfukoni. Kila ukuta ninaousimamia, kabla sijausaini, naukwangua kwanza. Mafundi wananicheka. Usibonyeze."

Bi Kifuniko akaitikia kwa kichwa, akasahau kwamba haonekani.

"Haya," kijana akasema, na sauti yake ilikuwa imechoka sasa. "Nimekaa juu ya tofali. Nani anaumwa leo?"

Mama yake akaiondoa simu yake pale kwenye kopo la majani ya chai, ile yenye vitufe viwili, akailaza pembeni kifudifudi. Mahali pake akaisimamisha ya kinyozi, na povu lake. Akavuta kilemba kikakaa sawa. Akagonga kifuniko, taratibu, kwa mtu mmoja. Alianza kusema habari za asubuhi kwenu nyote, akajirudi.

"Habari ya asubuhi, mwanangu," akasema.

Akamwambia mama wa duka la kona amelazwa, ni kifua. Simu ikasema, "Mmh." Akamwambia binti wa fundi umeme amejifungua pacha, na baba yao anatembea kama yeye ndiye aliyezaa. "Mmh," ikasema simu, na safari hii ilikuwa na kicheko ndani yake. Kinyozi akamshika mteja wake mkono, wakatoka polepole, wakarudishia mlango. Bi Kifuniko alikuwa anasema bomba la barabara ya chini limepasuka tena, na baada ya kila habari alinyamaza kidogo kusikiliza.